Pointi Saba

Msimu wa matokeo ukifika, simu za kuvuka mpaka huwa nyingi. Kijana wa Arusha anampigia shangazi yake aliye Nairobi: "Shikamoo shangazi. Matokeo yametoka, dada kapata pointi saba!" Nyuma yake nyumba nzima inapiga vigelegele. Shangazi ananyamaza kidogo, kisha anajibu kwa upole, "Marahaba baba. Si haba, angalau chuo ataingia." Kijana anakata simu akishangaa. Hivi shangazi ana wivu?

Hana. Kasoma Kenya, na kwake pointi saba ni wastani wa C+, yaani kizingiti cha chini kabisa cha kuombea shahada ya chuo kikuu. Kwa mtahiniwa wa Kidato cha Nne Tanzania, pointi saba ni kilele, hakuna matokeo yanayozidi hapo. Mjomba wao aliyesoma Uganda angesikia kitu cha tatu: mtihani wa mwisho wa sekondari ya juu kule una jumla ya juu ya pointi 20, na saba ni matokeo ya kawaida tu, ya kuombea na kusubiri.

Swali ambalo wazazi huuliza kila mwaka, "pointi nyingi ni nzuri au mbaya?", halina jibu moja. Neno hili fupi hutumika shuleni, uwanjani, ulingoni, benki, barabarani na hata kwa fundi umeme, na kila mahali lina daftari lake. Sura hii inapitia madaftari hayo. Tutakaa zaidi kwenye la shule, maana ndilo linaloliza watu.

Alama si pointi

Tutenganishe kwanza maneno mawili ambayo kwenye mazungumzo huchanganywa. Alama, au maksi, ni kile unachopata kwenye karatasi ya mtihani kati ya 0 na 100. Hapa hakuna ubishi: kubwa ndiyo nzuri. Alama hizo hugeuzwa kuwa herufi, ambayo huitwa gredi. Katika mtihani wa Kidato cha Nne unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya hapo ni F.

Kutoka kwenye herufi ndipo pointi huzaliwa, na hapa mwelekeo unageuka. A hupewa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, F pointi 5. Yanachukuliwa masomo saba ambayo mwanafunzi kafanya vizuri zaidi, pointi zake zinajumlishwa, na jumla ndiyo huamua daraja:

- Daraja la Kwanza: pointi 7 hadi 17
- Daraja la Pili: 18 hadi 21
- Daraja la Tatu: 22 hadi 25
- Daraja la Nne: 26 hadi 33
- Sifuri: 34 na 35

Binti mwenye A saba ana saba. Aliyefeli yote ana 35. Kwa hiyo alama zikipanda, pointi zinashuka, na mzazi ambaye hajaelezwa anaweza kumpongeza mtoto mwenye 34 na kumgombeza mwenye 12.

Mpaka wa 33 unastahili kuangaliwa kidogo, maana wengi hudhani umewekwa kwa kubahatisha. Mwanafunzi mwenye C moja na F sita ana 3 na 30, jumla 33. Mwenye D mbili na F tano ana 8 na 25, jumla 33 pia. Wote wawili wanapata cheti cha Daraja la Nne. Lakini mwenye D moja na F sita ana 34, naye anaondoka na sifuri. Unaposikia mtu akisema "ukitaka cheti, hakikisha una C moja au D mbili", anafanya hesabu hiyo hiyo bila kuitaja.

Kwa nini ndogo iwe bora?

Kwa sababu pointi hizi hazihesabu ulichovuna. Zinahesabu nafasi yako. Ni kama namba unayopewa ukifika zahanati asubuhi: mwenye namba 1 ndiye aliyewahi, na hakuna anayemwonea huruma kwa kuwa na namba ndogo. A ni ya kwanza, basi ni 1.

Utaratibu huu tumeurithi. Enzi za ukoloni, na kwa miaka kadhaa baada ya uhuru, wanafunzi wa Afrika Mashariki walifanya mitihani ya Cambridge, ambako gredi ya somo ilianzia 1 kwa aliye juu hadi 9 kwa aliyefeli, na jumla ndogo ilimpeleka mtu daraja la juu. Likafuata baraza la pamoja la nchi zetu tatu. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na NECTA ikaanzishwa kwa sheria mwaka 1973. Mabaraza yalibadilika, lakini desturi ya kuanza na moja juu ilibaki. Kenya nayo iliifuata desturi hiyo muda mrefu, ndiyo maana Mkenya mwenye umri wa babu bado anajivunia Divisheni Wani yenye pointi chache, huku mjukuu wake hamwelewi. Ulipokuja mfumo wa 8-4-4 na mtihani wa KCSE kufanyika mara ya kwanza mwaka 1989, daftari liligeuzwa: A ni pointi 12, zinashuka moja moja hadi E yenye 1.

Tanzania ilijaribu kugeuza pia. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2014 yalitangazwa kwa GPA, yaani wastani wa pointi ambamo kubwa ndiyo bora. Wazazi walichanganyikiwa, waajiri wakauliza "sasa hii ni divisheni ngapi?", na mwanzoni mwa 2016 Wizara ya Elimu ikaagiza turudi kwenye madaraja. Mimi sioni kwamba mfumo mmoja una akili kuliko mwingine. Ila kubadili mwelekeo wa namba ambayo watu wameizoea kwa vizazi viwili, kisha kuurudisha baada ya muda mfupi, ni kuwatesa watu bure.

Uganda wamekwenda mbali zaidi: wanatumia pande zote mbili kwa mtoto yuleyule. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi una masomo manne, na bora kabisa ni jumla ya 4. Kuanzia 4 hadi 12 ni daraja la kwanza. Mtoto huyo huyo akifika mwisho wa sekondari ya juu, A inampa pointi 6, na sasa anatakiwa azikusanye nyingi awezavyo.

A ileile, pointi tano

Usidhani Watanzania tumesalimika na kigeugeu hicho. Katika Kidato cha Sita, NECTA inatoa pointi 1 kwa A, 2 kwa B, 3 kwa C, 4 kwa D, 5 kwa E, 6 kwa S na 7 kwa F. Yanajumlishwa masomo matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ambao mwanafunzi alichagua, kama PCB au HGL. Bora kabisa ni 3, na Daraja la Kwanza linaishia 9.

Mwanafunzi anachukua matokeo hayo na kuanza kuomba chuo. Sasa anakutana na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo nayo inazungumzia pointi, lakini kwake A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Sharti la jumla la kuingia shahada ya kwanza ni angalau pointi 4.0 kutoka masomo mawili yanayotakiwa na kozi anayoomba.

Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza ana A, B na B. Kwa NECTA ana 5, Daraja la Kwanza. Kwa hesabu ya TCU masomo hayo matatu yana 13. Wa pili ana D, D na E. Kwa NECTA ana 13, Daraja la Tatu. Kwa TCU, D zake mbili zinampa 4 kamili, na akiwa kachagua kozi inayotaka masomo hayo mawili, amegusa sharti la chini kwa ncha ya kidole. Wote wawili wanaweza kusimama mbele yako na kusema "nina pointi 13", na wote wakawa wanasema kweli.

Hapa ndipo huwa napandwa na hasira kidogo. Hakuna ubaya taasisi mbili kuwa na hesabu mbili. NECTA inapanga watu kwa nafasi. TCU inataka kujua umebeba kiasi gani cha masomo ya kozi husika. Kazi ni tofauti. Lakini kumpa kijana wa miaka 19 namba tupu, bila kumwandikia pembeni kwamba juu ni ngapi na chini ni ngapi, ni uvivu wa ofisi, na kwenye vibanda vya intaneti kuna watu wanaolipwa kwa kufafanua uvivu huo.

*Kwa ufupi hadi hapa:* pointi za shule ni za aina mbili. Kuna za nafasi, ambazo ndogo ni bora (NECTA, shule ya msingi Uganda). Kuna za kuchuma, ambazo kubwa ni bora (TCU, Kenya, sekondari ya juu Uganda). Ukiambiwa namba, uliza A inapewa ngapi; swali hilo moja linatosha.

Uwanjani: tatu, moja, patupu

Mpira wa miguu hauna utata wa mwelekeo. Pointi ni za kuchuma, na mwenye nyingi yuko juu. Utata wake ni thamani. Kwa muda mrefu ushindi ulikuwa pointi 2 na sare 1, kwa hiyo timu iliyotoka sare mara mbili ilikuwa sawa na iliyoshinda mara moja na kufungwa mara moja. Makocha waoga walikaa nyuma wakilinda sare zao. Mwaka 1981 ligi ya Uingereza ikapandisha ushindi hadi pointi 3, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994 kule Marekani. Magoli hayakubadilika, uwanja haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sare moja sasa ina thamani ya theluthi ya ushindi, na timu inayotaka ubingwa haiwezi kuishi kwa sare.

Pointi za mpira zina tabia nyingine ambayo za shule hazina: zinaweza kuja au kuondoka bila mtu kugusa mpira. Timu isipofika uwanjani, mpinzani hupewa pointi tatu, na sisi tuna jina letu la kejeli kwa hizo: pointi za mezani. Kinyume chake ni kukatwa. Everton, ambao wapenzi wa soka wa Dar es Salaam waliwaona kwa macho walipocheza na Gor Mahia mwaka 2017, walipokwa pointi 10 Novemba 2023 kwa kukiuka kanuni za fedha za ligi. Walipokata rufaa adhabu ikapunguzwa hadi 6, kisha Aprili 2024 wakakatwa nyingine 2. Kwa hiyo pointi ya ligi hupima mwenendo wa klabu nzima, mpaka vitabu vya mhasibu wake.

Ulingoni, aliyepigwa naye hupata

Ngumi za kulipwa huwachanganya hata mashabiki wa siku nyingi. Kila raundi mshindi hupewa 10, na aliyeshindwa kwa kawaida 9, au 8 kama aliangushwa. Pambano la raundi 12 likiisha bila mtu kulala, jaji anaweza kusoma 118 kwa 110. Masikioni mwa mtu wa mpira wa kikapu hayo ni matokeo ya karibu sana. Sivyo. Mwenye 118 ameshinda raundi 10, mpinzani wake mbili. Sehemu kubwa ya zile 110 ni pointi za kupanda ulingoni na kubaki umesimama. Cha kutazama ni tofauti ya namba hizo mbili, maana jumla yenyewe haisemi kitu.

Mbio za nyika, mchezo ambao Wakenya wameutawala kwa miongo, hurudi kwenye mtindo wa NECTA. Timu inapata jumla ya nafasi walizoshika wakimbiaji wake. Wakihesabiwa wanne, na wakamaliza wa kwanza hadi wa nne, jumla ni 10, na hakuna timu duniani inayoweza kupata chini ya hapo.

Leseni: kumi na mbili za kupanda, kumi na mbili za kushuka

Waswahili wanaoishi Ulaya wanalijua daftari jingine. Uingereza, dereva huanza na sifuri na kila kosa humwongezea pointi: mwendo kasi, simu mkononi, taa nyekundu. Zikifika 12 ndani ya miaka mitatu, yuko hatarini kufungiwa kuendesha. Ufaransa, tangu 1992, leseni kamili ina pointi 12 mfukoni, na kila kosa hupunguza. Zikiisha, leseni imekufa. Aliyehama kutoka Birmingham kwenda Marseille akisema "nimebaki na pointi mbili tu" atachekewa Birmingham na kupewa pole Marseille. Ujerumani huongeza kama Uingereza, ila kikomo chao ni 8.

Pointi za pesa

Hapa umakini unahitajika zaidi, maana pointi ikieleweka vibaya inakula mshahara.

Riba ya mkopo ikipanda kutoka asilimia 15 hadi 18, imepanda kwa pointi tatu za asilimia, yaani tofauti ya moja kwa moja kati ya namba hizo mbili. Lakini pia imepanda kwa asilimia 20, kwa sababu tatu ni sehemu ya tano ya kumi na tano. Kauli zote mbili ni sahihi. Anayekuuzia mkopo atakuambia "imeongezeka pointi tatu tu", na anayepinga atasema "asilimia 20!", na wewe unaweza kudhani wanabishana juu ya mikopo miwili tofauti.

Mabenki makuu yana kipimo kidogo zaidi, pointi ya msingi, ambayo ni sehemu moja ya mia ya pointi ya asilimia. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutangaza riba yake elekezi, ile inayoongoza gharama ya fedha kati ya mabenki, Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5. Aprili mwaka huo ikaipandisha hadi 6. Unaweza kuandika kwamba imepanda kwa nusu pointi, kwa pointi za msingi 50, au kwa takriban asilimia 9, na usiwe umesema uongo popote. Wafanyabiashara wa fedha hupenda pointi za msingi kwa sababu haziachi nafasi ya ubishi huo.

Soko la hisa nalo husoma pointi kila jioni, na hizo si shilingi. Ni namba ya kulinganisha, iitwayo fahirisi: wanachagua siku au mwaka mmoja, wanauita 100, kisha wanapima bei za hisa kwa kuzilinganisha na wakati ule. Fahirisi ya kampuni 20 ya Nairobi ilianzia 100 mwaka 1966. Fahirisi ikiwa 100 na ikapanda pointi 20, utajiri umeongezeka kwa moja ya tano. Ikiwa 2,000 na ikapanda 20 zilezile, ni asilimia moja tu. Mtangazaji anayesema "soko limepanda pointi 20" bila kusema kutoka wapi amejaza muda wa hewani, basi.

Pointi za simu, zile za kampuni kukuzawadia kwa kutumia salio, ni rahisi zaidi: ni pesa ambayo bei yake anaipanga mwenye duka, na anaweza kuibadilisha akiamka.

Kwa fundi umeme

Daftari la mwisho halina kitabu wala baraza. Ukijenga nyumba, fundi wa kufunga nyaya atakuuliza kazi ina pointi ngapi, na atakutajia bei kwa pointi moja. Hapa pointi ni mahali ambapo umeme unatokea: taa, swichi, soketi. Hadi hapo kila mtu anaelewa. Ubishi huanza baadaye. Soketi pacha ni pointi moja au mbili? Taa moja inayowashwa na swichi mbili, juu na chini ya ngazi, inahesabiwaje? Jiko la umeme na hita ya maji, vyenye nyaya nene na njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la kugawia umeme, vinalipwa sawa na balbu ya korido? Boksi lenyewe limo kwenye hesabu au lina bei yake?

Nimesikia majibu tofauti kutoka kwa mafundi wa mtaa mmoja, na kila mmoja aliona la mwenzake ni la ajabu. Hakuna aliyekuwa anadanganya, wala hakuna NECTA ya mafundi ya kuamua. Wanaojua kujenga huzunguka nyumba pamoja na fundi kabla kuta hazijachimbwa, chumba kwa chumba, wakihesabu kwa sauti na kuandika kwenye karatasi mbili: hii moja, hii mbili, hii ya jiko tutailipa peke yake.